Nkwimba na Mgongo wa Shabaha

Shabaha ina mgongo. Ndivyo refa alivyosema leo alasiri kule uwanjani, baada ya Shija kupiga penalti iliyopita juu ya goli lisilo na wavu na kutua katikati ya beseni la maandazi la Mama Nshoma. Vicheko vyenu nilivisikia mpaka hapa. Nimeambiwa pia kwamba mlipomuuliza refa maana ya maneno yake, alipuliza filimbi akawatuma kwangu, eti yeye ana mechi ya kuchezesha na mimi sina kazi. Hilo nitalimaliza na yeye mwenyewe. Sasa kaeni. Kila mtu achukue kisu na kiazi, maana michembe, viazi vya kukausha, haijikati yenyewe, na mimi sisimulii watu waliokunja mikono.

Shija, wewe kaa hapa mbele nikuone. Mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi, basi yalitoka hapa hapa kwetu, na aliyenisimulia ni bibi yangu. Siku yenyewe alikuwepo, amekaa mabegani mwa baba yake ili aone vizuri, na hakuwahi kuisimulia akiwa ametulia. Kila alipofika mahali pa kwale alikuwa anasimama. Nami nikisimama mtanivumilia.

Enzi hizo kijiji chetu hiki cha Mwandulima na kijiji cha Isengwa, ng'ambo ya mbuga, vilikuwa na lambo moja la kunyweshea ng'ombe. Masika hapakuwa na neno. Lakini kiangazi kikishika na maji yakipungua, aliyetangulia asubuhi alikuta maji safi, na aliyefuata alikuta tope lililokorogwa na kwato. Wazee hawakutaka watu wapasuane vichwa kwa ajili ya tope. Wakakubaliana kwamba kila mwaka baada ya mavuno kutakuwa na shindano la upinde, na kijiji kitakachoshinda kitatangulia lamboni kiangazi chote. Wapigaji wakawa watoto, mmoja kutoka kila kijiji, kwa sababu mtu mzima akishindwa hununa mwaka mzima, na mwingine hurudi na rungu.

Shindano hilo lilikuwa na sheria moja iliyowatoa watoto jasho. Upinde ukishavutwa hauteremshwi. Ukivuta, uachie mshale; ukiteremsha, umekubali kushindwa, na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Sheria hiyo iliwekwa baada ya mwaka mmoja ambao mtoto fulani alivuta na kuteremsha, akavuta na kuteremsha, mpaka jua likazama na watu wakarudi kwao bila mshindi. Ilikuwa na sababu yake, basi, na watu waliiheshimu.

Mwaka wa hadithi hii Mwandulima walikuwa wameshindwa miaka mingi mfululizo, na ng'ombe wao walikuwa wamezoea tope kiasi cha kuogopa maji safi. Walipowapima watoto wao ili wapate wa kumpeleka, aliyewashinda wote alikuwa Nkwimba. Alikuwa na umri wa huyu Holo, anayekata kiazi kimoja na kutafuna kingine. Nkwimba aliishi na babu yake, ambaye kila mtu, wa ukoo na asiye wa ukoo, alimwita Guku Malale, maana guku ndiyo babu kwa Kisukuma chetu. Mzee huyo alikuwa mwindaji hodari zamani, na sasa macho yalikuwa yameanza kumtupa. Hakuwa na mjukuu mwingine. Alichokijua alikitia kwa Nkwimba.

Neno lilizuka palepale. Mtoto wa kike abebe jina la kijiji mbele ya Isengwa, watu watasemaje? Mkuu wa kijiji wakati huo alikuwa Budeba, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, asiyependa kuchekwa. Alikaa na wenzake, wakabishana hadi wakachoka, na kwa kuwa hawakuwa na mwingine wa kumshinda Nkwimba, wakakubali kwa sharti. Budeba mwenyewe alikwenda kwa Guku Malale kulitamka. Nkwimba akishinda, upinde ni wake na hakuna atakayemsema tena. Akishindwa, upinde unachukuliwa, unawekwa darini kwa Budeba, naye anarudi kwenye mtungi na jiko kama wenzake.

Nkwimba aliusikia mkataba huo akiwa nyuma ya mlango. Bibi yangu alisema mtoto yule aliupenda upinde wake kupita kiasi. Alilala nao, na akiamka usiku aliupapasa kwanza kabla ya kugeuka upande wa pili. Usiku ule hakulala kabisa.

Sasa sikilizeni namna alivyofundishwa, maana hadithi yote imelala hapo. Watoto wengine walipewa upinde na mshale siku moja, wakaanza kurusha hovyo, na kuku wa jirani ndio waliowasahihisha. Guku Malale hakufundisha hivyo. Kwanza Nkwimba alibeba upinde mtupu, bila mshale, siku nyingi, mpaka mkono ukaujua. Alipopewa mshale ulikuwa wa mti tu, ncha butu, na sheria zake zilikuwa kali. Mshale unakaa podoni mpaka nyayo zako zimefika kwenye mstari. Ncha inatazama chini au inatazama shabaha, haitazami kitu kingine chochote kilichoumbwa. Ukiitwa, hugeuki na mshale mkononi. Unaurudisha podoni, ndipo unaitikia. Siku moja shangazi yake alimwita chakula, akageuka na mshale wake. Guku alichukua upinde akaenda kuutundika, na mtoto akakaa bila kugusa kitu mpaka mwezi ulipoandama. Alilia sana, lakini hakugeuka tena.

Kisha likaja somo la tikiti. Guku alifunga kitita cha nyasi mbele ya kichuguu, akamwambia Nkwimba apige. Kwa mara ya kwanza alimpa mshale wa chuma. Mtoto alijawa na furaha, akavuta kwa nguvu zote, na mshale ukapita juu ya nyasi na juu ya kichuguu, ukapotea. Wakaenda kuutafuta. Nyuma ya kichuguu walikuta tikiti kubwa limelala kwenye majani, na mshale umezama ndani yake mpaka karibu na manyoya, maji mekundu yakitiririka.

Guku aliuchomoa mshale. Halafu akamuuliza kama alijua kwamba tikiti lile lilikuwa pale. Nkwimba akasema hakujua. Akamuuliza aliona nini nyuma ya kichuguu kabla ya kuvuta. Akasema aliona nyasi tu, nyasi alizolenga. Guku akamwambia hilo ni tikiti kwa sababu yeye Guku ndiye aliyeliweka. Siku nyingine Mungu ndiye anayeweka, wala hakuambii ameweka nini.

Nkwimba alikataa kula tikiti lile. Guku alilila lote peke yake, maana somo ni somo na tikiti ni tikiti. Lakini tangu siku hiyo, kabla ya kila mshale, mzee alikuwa anamuuliza swali lile lile, "Mgongo ukoje?" na mtoto alikuwa anazunguka nyuma ya shabaha, anatazama, anarudi na kujibu, "Mtupu." Mara nyingine hakuwa mtupu. Mzee aliweka chungu, aliweka kuku aliyefungwa miguu, na mara moja alijilaza mwenyewe, na Nkwimba akamkuta anakoroma. Pale ambapo Nkwimba hakuweza kuzunguka, alimfundisha kuwatazama ndege. Ndege wakiruka bila sababu unayoiona, alimwambia, basi iko sababu usiyoiona.

Siku ya shindano ikafika. Watu wangu, ngoma za siku hiyo zilisikika tangu alfajiri. Isengwa ndio waliokuwa wenyeji, na uwanja wao ulikuwa kando ya kichuguu kipana, urefu wake unamfikia mtu mzima kifuani. Mwandulima walivuka mbuga wakiimba, wanawake mbele na vigelegele, wanaume nyuma na vijembe vya kuwatupia wenyeji. Wenyeji nao walikuwa na vyao. Walimwona mtoto wa kike na upinde begani, wakatunga wimbo hapo hapo, wakiuliza kama Mwandulima wamekuja kushindana au kuposa. Budeba aliusikia akakunja uso. Nkwimba aliusikia akatazama mbele.

Mwamuzi alikuwa Mzee Sayi, mtu wa kijiji cha tatu, asiye na ng'ombe katika lambo lile. Asubuhi alizunguka kichuguu, akatazama kila upande, akasema uwanja ni safi. Wakafunga kamba. Watu wote wakakaa nyuma ya kamba, na walimu pamoja nao, kwa sababu mwalimu hakuruhusiwa kumsemesha mtoto wake akiwa mstarini.

Mpinzani wa Nkwimba aliitwa Mayunga, kijana mrefu kuliko umri wake, mpole, aliyepiga upinde kana kwamba anaokota kitu alichokiacha pale jana. Raundi za mwanzo kitita cha nyasi kilifungwa kwenye ubavu wa kichuguu, chini, na kila mshale uliopita kwenye nyasi ulizama kwenye udongo. Mayunga akapiga katikati, Nkwimba akapiga katikati. Wakarudishwa nyuma. Mayunga akapiga, Nkwimba akapiga. Wakarudishwa tena. Watu waliacha kukaa. Wimbo wa kuposa ukafa wenyewe, na watu wa Isengwa, wanaojua upinde wakiuona, wakaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba binti huyu ana mkono. Bibi yangu alikuwa anampiga baba yake kichwani kwa furaha bila kujua.

Mishale ikaisha na hakuna aliyemzidi mwenzake. Ikabidi aletwe mwamuzi wa mwisho, kibuyu. Mambo ya kibuyu yalikuwa hivi. Kinajazwa unga wa mtama, kinawekwa juu ya kijiti, na kijiti kinachomekwa kileleni mwa kichuguu. Anayekivunja kwanza ndiye mshindi, na unga ukitawanyika kila mtu anauona, hata aliye mbali, hata mwenye macho kama ya Guku. Ushindi ulihesabiwa umekamilika unga ulipomwagika. Miaka mingi ilikuwa imepita bila shindano kufika kwenye kibuyu, na watu walipokiona kinapandishwa, kelele zilizopigwa ziliwatimua mbuzi wa Isengwa mpaka mbugani.

Kura ikampa Nkwimba zamu ya kwanza. Lakini badala ya kwenda mstarini alimwendea Mzee Sayi, akamwomba kwa heshima aruhusiwe kuzunguka kichuguu kwanza. Mzee Sayi akamwambia amekwisha kuzunguka yeye mwenyewe asubuhi, na uwanja ni safi. Nkwimba akasema asubuhi shabaha ilikuwa chini na sasa iko juu, mshale utapita. Watu wakapiga miluzi. Isengwa wakasema mtoto anatafuta muda kwa sababu anaogopa, na Budeba akamkaripia kutoka nyuma ya kamba kwamba asiwaaibishe. Mzee Sayi alitazama jua, akamwonyesha mstari kwa kidole. Nkwimba akaenda.

Akasimama. Nyayo mstarini, ndipo mshale ukatoka podoni, ncha chini. Uwanja ukanyamaza. Akapandisha upinde, akavuta mpaka kamba ikagusa shavu. Kibuyu kilikuwa pale, cheupe, kimetulia, hakuna upepo. Bibi yangu alisema kila mtu alijua kwamba angekivunja. Hata Mayunga alijua.

Hapo ndipo kwale waliporuka. Mnaona, nimesimama. Kwale watatu au wanne, kutoka kwenye nyasi za nyuma ya kichuguu, wakapita kwa kishindo na kelele zao. Kila mtu aliwaona, na hakuna aliyewajali, maana kwale ni ndege na kazi ya ndege ni kuruka.

Nkwimba alibaki amevuta. Alijua sheria, alijua sharti la Budeba, alijua akiteremsha upinde huo hataushika tena. Machozi yakamtoka akiwa bado analenga. Halafu akateremsha upinde, taratibu, ncha chini, akautoa mshale na kuurudisha podoni.

Kelele za Isengwa zilipasua anga. Wanawake wao walishaanza kucheza. Upande wa Mwandulima watu walishika vichwa, na Budeba akatoa tusi ambalo bibi yangu hakukubali kunitajia hata nilipokuwa mtu mzima. Mzee Sayi akatangaza kwamba upinde umeteremshwa, Isengwa wameshinda, na Mayunga apige kibuyu ili unga umwagike. Mayunga akaja mstarini, akatoa mshale.

Nkwimba hakuondoka. Alimgeukia Mzee Sayi.

"Nimeshindwa, babu, nakubali. Lakini naye asipige."

"Kwa nini asipige? Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Kwale wameruka."

"Binti, kwale wanaruka kila siku."

"Wameruka na sisi wote tuko huku," Nkwimba akasema. "Shabaha ina mgongo, babu. Na mgongo huu hakuna aliyeutazama tangu asubuhi."

Wachache waliosikia wakacheka. Mzee Sayi hakucheka, lakini ngoma zilikuwa zimeshika, watu wanadai unga, na Mayunga alikuwa tayari ameweka mshale kwenye kamba, anasubiri tu neno. Wakati huo mtu mmoja akavuka kamba. Alikuwa Guku Malale. Hakumsemesha mjukuu wake, maana sheria ilimkataza. Alipita mbele ya Mayunga, akatembea na mkongojo wake mpaka kwenye kichuguu, akageuka, akauegemeza mgongo wake pale, akanyoosha mikono miwili. Kibuyu kilikuwa sawa na kilemba chake.

"Anayetaka unga aanze na mimi," akasema.

Hapo fujo ikawa fujo. Wengine walimwita mzee mwehu, wengine walimwita mshindwa asiye na adabu, vijana wa Isengwa wakaanza kumwendea wamtoe. Nao walikuwa katikati ya uwanja, wameshakunja ngumi, walipoona kitu wakasimama ghafla. Nyuma ya bega la Guku Malale, juu ya kichuguu, kilikuwa kinapanda kikapu. Kilipanda polepole, kimejaa udongo, kikafika usawa wa kibuyu, na chini ya kikapu kukatokea uso wa ajuza, umelowa jasho, unatazama watu wote kwa mshangao.

Alikuwa Bibi Ng'washi wa Isengwa, mwenye nyumba ng'ambo ya kichuguu. Bibi huyo alikuwa kiziwi tangu utoto. Ngoma hazikumsumbua na mashindano hayakumhusu. Siku hiyo aliona njia hazina watu, akasema leo nitachimba udongo wa kichuguu kwa raha zangu nikasiribe nyumba yangu, bila mtu wa kugombana naye. Kila mwanamke wa pale alijua udongo wa kichuguu ndio udongo wa kusiriba, na kila mwanamke alijua kwamba siku za kawaida lazima upange foleni. Mzee Sayi alijua pia. Ila hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba siku ya watu kutokuwepo ndiyo siku nzuri ya kuchimba.

Ngoma zilikatika. Watu walitazama kibuyu, wakatazama kikapu, wakatazama ule uso, na kila mmoja akapima mwenyewe mahali mshale ungepita. Mayunga aliutoa mshale kwenye kamba, akaulaza chini, akakaa kando yake na kuficha uso magotini. Ndiye aliyekuwa amekaribia kuachia, na alijua.

Bibi Ng'washi, alipoona kila mtu amemkodolea macho, akadhani wamemfumania.

"Mbona mnanitazama hivyo?" akasema kwa ile sauti kubwa ya viziwi. "Udongo si wa wote?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na wengi waliokuwa wanacheka walikuwa wanalia. Mwana wa kiume wa ajuza alikimbia akamkumbatia yeye na kikapu chake, udongo ukawamwagikia wote wawili, na mama akamgombeza kwa kuuharibu.

Lakini Nkwimba alikuwa bado mstarini. Sheria ilikuwa sheria, na Mzee Sayi hakuweza kuivunja hata kama angependa. Upinde uliteremshwa. Lambo lilikuwa la Isengwa. Na Budeba alikuwa anakuja, watu wanampisha, amenyoosha mkono.

Nkwimba alimpa upinde kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, na podo akaliweka chini mbali na miguu ya watu. Midomo ilikuwa inamcheza.

Budeba aliushika ule upinde mdogo katika mkono wake mkubwa, akautazama. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Hakugeuka kurudi kwa watu wake. Alitembea mpaka kwenye kichuguu, akamwondoa Guku Malale kwa kumshika bega, akazunguka nyuma. Alikaa huko kidogo. Watu walikiona kichwa chake kikiinama na kuinuka, mtu ambaye hakuwahi kuinama mbele ya yeyote, anachungulia kila shimo alilolichimba Bibi Ng'washi. Akarudi na magoti mekundu kwa vumbi, akasimama mbele ya Nkwimba, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimetazama mwenyewe," akasema. "Mgongo ni mtupu. Chukua upinde wako, unga haujamwagika."

Nkwimba alitazama upinde, akamtazama babu yake. Guku alikuwa anafuta macho kwa kilemba na kujifanya ni vumbi. Mtoto akauchukua, akasimama mstarini, akatoa mshale, akapandisha. Kabla ya kuvuta akashusha mkono.

"Bado," akasema.

Watu wakageuka. Bibi Ng'washi alikuwa amekumbuka jembe lake, anakwenda zake nyuma ya kichuguu kulichukua, wala hana habari na mtu. Watu wakacheka tena, lakini hakuna hata mmoja aliyesema piga. Isengwa na Mwandulima, wote walisimama kimya wakamsubiri ajuza yule alipate jembe, alikung'ute, aliweke begani, arudi mpaka nyuma ya kamba. Mayunga aliinuka akaenda kuhakikisha. Akazunguka, akatokea upande wa pili, akapaza sauti, "Mtupu!"

Nkwimba akavuta, akaachia.

Kibuyu kilipasuka vipande vipande, na unga ukapanda juu, mweupe, ukawashukia Guku na Budeba waliokimbilia pale kwa furaha mara mshale ulipopita. Bibi yangu alianguka kutoka mabegani mwa baba yake na hakuhisi maumivu mpaka kesho yake.

Upinde ulikuwa umeteremshwa, basi mwaka huo ng'ombe wa Mwandulima walikunywa tope kama kawaida. Wala msidhani watu walivumilia kitakatifu; walinung'unika kiangazi chote, na Budeba alinung'unika kuliko wote. Lakini upinde haukupanda darini. Na mwaka uliofuata, kabla ya mshale wa kwanza, watoto wote wawili walizungushwa kichuguu, wakarudi, na Mzee Sayi akawauliza mbele ya watu wote mgongo ukoje. Ndipo maneno ya Nkwimba yakaanza kutembea. Mtu akitaka kumfokea mkewe, akaambiwa atazame kwanza watoto waliosimama nyuma ya mlango. Mtu akitaka kuchoma nyasi shambani, akaulizwa habari za nyumba ya jirani. Yakavuka mbuga, yakafika mpaka kwa refa mvivu asiyejua yametoka wapi.

Sasa, Shija. Kisu weka chini. Ulipopiga penalti yako uliona nini?

Uliona goli. Vizuri. Na nyuma ya goli palikuwa na nini? Beseni la maandazi, ndiyo, na mmelicheka mpaka mbavu zikawauma. Kando ya beseni Mama Nshoma alikuwa ametandika khanga chini. Kwenye khanga alikuwa amelala nani?

Naam. Yule mchanga wake, ambaye hata jina hajapewa.

Mbona sasa hamcheki? Nenda, mwanangu, viazi vyako nitamalizia mimi. Nenda ukamsaidie Mama Nshoma kukanda unga mwingine, umbebe na mtoto kidogo upate kuujua uzito wake. Na kesho ukiweka mpira kwenye nukta, watu wakipiga kelele na refa akitazama saa, wewe zunguka goli kwanza. Wakikucheka, waache wacheke. Shabaha ina mgongo.